Kustaafisha programu ya zamani ambayo ofisi bado inaitegemea

Karibu kila SACCO, shule au duka la jumla lililoanza kutumia kompyuta zamani kidogo, iwe Busia, Mbale au Arua nchini Uganda, lina kompyuta moja isiyoguswa ovyo. Ndani yake mna programu iliyoandikwa kwa FoxPro, Visual Basic 6 au Access. Aliyeiandika alihama au simu yake haipatikani, lakini kila asubuhi karani huiwasha, huingiza marejesho ya mikopo, na kazi huenda. Siku mkaguzi wa hesabu anapouliza nani anaitunza, ndipo mabishano yanapoanza: mmoja anataka itupwe leo, mwingine anasema haijawahi kumsumbua mtu.

Umri wa programu hauamui chochote kati yao. Programu ya VB6 bado hufanya kazi kwenye Windows 11, ingawa Microsoft iliacha kuhudumia chombo cha kuiandikia tarehe 8 Aprili 2008. Visual FoxPro 9 iliachwa tarehe 13 Januari 2015 na bado inafunga vitabu vya watu kila mwisho wa mwezi. Cha kuangalia ni kama mnaweza kutoka ndani ya programu hiyo siku mnayoichagua wenyewe, au mtatolewa siku diski itakapokufa. Kwa hiyo kabla ya mkutano wowote wa kamati, fanyeni jaribio lifuatalo.

Ihamishie kwenye kompyuta ya pili

Tafuta kompyuta nyingine, hata ya mtumba, ikiwezekana yenye Windows ileile. Hakikisha watumiaji wote wametoka kwenye programu, kisha nakili folda ya programu na folda ya data zote mbili. Faili la .mdb (la Access) au .dbf (la FoxPro) likinakiliwa mtu akiwa ndani linaweza kufika likiwa limeharibika. Kabla ya kuifungua upande wa pili, chomoa waya wa mtandao na zima Wi-Fi: mara nyingi njia ya kwenda kwenye data imeandikwa ndani ya faili la mipangilio, na programu ya majaribio itakwenda moja kwa moja kuandika kwenye leja halisi ya seva.

Usitegemee kwamba itafunguka mara ya kwanza. Sababu za kawaida ni hizi:

- Ujumbe kama "Component MSCOMCTL.OCX or one of its dependencies not correctly registered". Programu ya VB6 inakosa kipande kilichowekwa nje ya folda yake. Kichukue kutoka System32 ya kompyuta ya zamani. Kama kompyuta mpya ni ya biti 64, kiweke C:\Windows\SysWOW64, fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike regsvr32 ikifuatwa na njia kamili ya faili.
- Programu ya FoxPro 9 inalalamika kuhusu vfp9r.dll. Nakili vfp9r.dll, vfp9renu.dll na msvcr71.dll ndani ya folda ya programu yenyewe.
- Inatafuta data kwenye F: au P:, herufi ambayo kompyuta mpya haina. Amri subst F: C:\data inatosha kwa majaribio.
- Inatumia ODBC, njia ya Windows ya kuunganisha programu na hifadhidata, nawe umeweka muunganisho lakini haiuoni. Kwenye Windows ya biti 64, muunganisho wa programu ya biti 32 huundwa kupitia C:\Windows\SysWOW64\odbcad32.exe. Ile inayopatikana kwanza kwenye Control Panel inaweza kuwa ya biti 64, na mafundi hupoteza saa nzima hapo.
- Tarehe zimepinduka. Kompyuta mpya imewekwa mpangilio wa Marekani, mwezi ukitangulia siku. Rekebisha kwenye Region iwe dd/MM/yyyy kabla ya kuingiza hata muamala mmoja.
- Inadai leseni. Ama kuna kifunguo cha USB kilichochomekwa nyuma ya mashine ya zamani, ama leseni imefungwa kwa namba ya diski. Hili la pili ndilo baya, kwa sababu diski ikifa leseni imekufa nayo.
- Ni ya biti 16, yaani ya enzi za DOS au Windows 3.1. Hiyo haifunguki kabisa kwenye Windows ya biti 64, na Windows 11 haina toleo lisilo la biti 64. Za DOS huweza kuishi ndani ya DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya DOS.

Kila unachorekebisha, kiandike kwenye karatasi kwa mpangilio. Ikifunguka na ikatoa ripoti ya jana iliyo sawa na ile ya mashine ya zamani, mna muda wa kufikiri, na karatasi hiyo iwekwe kwenye kabati la mhasibu. Isipofunguka baada ya siku mbili za fundi anayejua kazi yake, hakuna haja ya mjadala mrefu: anzeni kuondoka, kwa sababu mnachoita mfumo ni mashine moja tu inayozeeka.

Nani anaitegemea bila kujulikana

Orodha ya watumiaji ambayo meneja anayo kichwani huwa pungufu. Kwenye kompyuta yenye folda ya data, fungua Computer Management, kisha Shared Folders, kisha Sessions na Open Files, mara tatu kwa siku: saa nne asubuhi, saa nane mchana, na kabla ya kufunga ofisi. Andika majina ya kompyuta yanayoonekana kwenye Sessions. Fanya hivyo mwezi mzima ukiwemo mwisho wa mwezi. Mara nyingi utakuta kompyuta ya idara ambayo hakuna aliyeitaja.

Njia ya pili ni karatasi. Kwa mwezi huo huo, kusanya nakala moja ya kila kinachochapishwa na programu: risiti, taarifa ya mwanachama, orodha ya wadaiwa, barua ya kukumbusha deni. Nyuma ya kila karatasi andika nani anaipokea na anaifanyia nini. Ripoti nyingi zitaonekana hazina mwenyewe. Hizo hazihitaji kujengwa upya popote, na hapo mmeokoa pesa. Chache zitakuwa na mwenyewe asiyetarajiwa, kama afisa wa benki anayepokea faili la malipo lenye mpangilio maalumu wa safu.

Kazi za mara moja kwa mwaka ndizo zinazoumbua watu. Gawio la wanachama, kufunga mwaka wa fedha tarehe 30 Juni kwa wanaofuata kalenda ya serikali, orodha ya riba kwa akiba: hizi hazitaonekana ndani ya mwezi wa uchunguzi. Muulize mwekahazina afungue faili la mkutano mkuu wa mwaka jana, akuonyeshe kila jedwali lilitoka wapi.

Istaafishwe au iachwe

Kuna programu zinazostahili kuachwa zilivyo. Ile inayoendesha mzani wa magari, au mashine ya maabara ya kupima damu, haina sababu ya kubadilishwa kwa kuwa tu Windows 7 iliachwa tarehe 14 Januari 2020. Mashine yenyewe ina thamani kuliko kompyuta iliyoungwa nayo, na kazi yake haibadiliki. Itengeni na mtandao, muwe na kompyuta ya akiba iliyojaribiwa, mwendelee.

Programu ya fedha au ya kumbukumbu za watu ni jambo lingine. Nne kati ya dalili zake zinatosha kila moja peke yake kuanza safari ya kuondoka.

Ya kwanza ni pale programu moja inapodhoofisha ofisi nzima. Mfano wake ni SMBv1, njia ya zamani ya kushiriki folda. Virusi vya WannaCry vya Mei 2017 vilisambaa kwa kupitia udhaifu wa njia hiyo, na Windows 10 kuanzia toleo 1709 kwa kawaida huja bila kuiweka. Lakini mashine ya Windows XP haijui nyingine, kwa hiyo fundi huiwasha SMBv1 kwenye kila kompyuta ya ofisi ili zifikie leja. Hapo mnalinda programu moja kwa kufungua milango ya zote.

Ya pili ni kanuni za nje kuipita. Tangu 1 Januari 2021, wafanyabiashara waliosajiliwa kwa VAT wanatakiwa kutoa ankara kupitia EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Programu ya mauzo isiyoweza kuzungumza na EFRIS inamlazimu karani kuandika kila ankara mara mbili, na mahali panapoandikwa mara mbili, takwimu mbili zitatofautiana. Shuleni hali ni hiyohiyo: mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza 2020, na matokeo ya UCE, mtihani wa mwisho wa S.4, ya 2024 yalitoka kwa herufi A hadi E, bila madaraja ya jumla ya zamani. Programu inayojumlisha alama kwa mtindo wa kale haijaharibika. Inapiga hesabu sahihi ya kitu ambacho hakipo tena. Kwa sekondari ya juu, S.5 na S.6, inaweza kuendelea kufaa kwa muda, ndiyo maana shule nyingi hazijaiondoa.

Ya tatu ni taarifa za watu kukaa kwenye mashine iliyo wazi. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamdai anayezihifadhi azilinde, na itakuwa vigumu kueleza ulinzi wa leja yenye namba za vitambulisho ikiwa kwenye kompyuta isiyopata masasisho na inayotumika pia kusomea barua pepe. Windows 10 yenyewe iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (kijenzi cha usalama ndani ya kompyuta), RAM isiyopungua GB 4, na kwa upande wa Intel kwa kawaida kizazi cha nane au zaidi, kiwango ambacho kompyuta nyingi za mtumba haziwezi kukifikia. Kwa hiyo bajeti ya kustaafisha programu mara nyingi ni bajeti ya kompyuta pia; ziwekeni pamoja mapema.

Ya nne tumeshaitaja: jaribio la kompyuta ya pili limeshindikana.

Kama mwandishi wa programu bado yu hai na anapatikana, msimwendee kwa lawama. Mlipeni siku chache za kazi awape vitu vinne: msimbo wote wa programu, nenosiri la hifadhidata, chombo cha kutengenezea leseni, na barua yenye sahihi inayowaruhusu kumpa mtu mwingine kazi hiyo. Akivitoa, kuitunza upya programu kunakuwa chaguo la kweli, na wakati mwingine la bei nafuu. Akitoa programu iliyokwisha tengenezwa bila msimbo, hajawapa kitu.

Ifungieni wakati mnajiandaa

Kuondoka huchukua miezi. Katika kipindi hicho mashine ya zamani isiwe na njia ya intaneti. Kwenye mipangilio ya TCP/IP weka anwani kwa mkono na uache nafasi ya Default gateway wazi. Itaonana na kompyuta za ofisi lakini haitatoka nje. Marufuku flashi za kutoka nyumbani kwenye mashine hiyo. UPS ni lazima: umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili la faharasa la FoxPro huvurugika na kesho yake mnaambiwa "Index does not match the table", au Access inakataa kwa "Unrecognized database format". Kabla ya kurekebisha chochote, nakilini kwanza faili bovu kama lilivyo.

Kisha igeuze mashine nzima kuwa mashine pepe, yaani kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta nyingine. Disk2vhd, chombo cha bure cha Microsoft, hunakili diski yote kuwa faili moja huku Windows 7 ikiendelea kufanya kazi. Mambo matatu hukwamisha hapa. Diski ya nje ya kupokelea iwe NTFS, maana FAT32 haibebi faili linalozidi GB 4. Ondoa alama kwenye kisanduku cha Vhdx upate VHD ya kawaida, ambayo VirtualBox, programu ya bure ya kuendeshea mashine pepe, huielewa vizuri zaidi. Na mashine pepe ikiwaka kwa skrini ya bluu yenye 0x0000007B, hamisha diski yake kutoka kidhibiti cha SATA kwenda cha IDE. Ipe RAM GB 2, na mtandao uwe Host-only, yaani ionane na kompyuta inayoibeba tu, au usiwepo kabisa. Windows iliyokuja na kompyuta huenda ikadai kuhakikiwa upya baada ya kuhamishwa; liangalieni hilo mapema.

Printa ya nukta ya kuchapia risiti hutaka LPT1, tundu la zamani la printa, ambalo mashine pepe haina. Ishirikishe printa kutoka kompyuta nyingine, kisha ndani ya mashine pepe andika net use LPT1: \\kompyuta\printa /persistent:yes, ukiweka majina yenu halisi. Hapo itabidi Host-only ibaki ikifanya kazi, na printa iwe kwenye kompyuta inayoibeba mashine pepe.

Kutoa data

Hapa ndipo kazi ilipo. Usisaini mkataba wa programu mpya kabla data haijatoka yote na kusomeka nje, kwa sababu muuzaji akijua hamjui mlicho nacho, bei yake itakuwa ya kubahatisha, na mtalipa kubahatisha huko.

Mafaili ya .dbf hufunguka kwa LibreOffice Calc. Penye .dbf pawe pia na .fpt yenye jina lilelile, la sivyo maelezo marefu hayatatoka. Jihadhari na rekodi zilizofutwa: kwenye .dbf, kufuta ni kuweka alama tu mwanzoni mwa rekodi, na inabaki palepale hadi mtu aendeshe amri ya PACK. Chombo kimoja huzificha, kingine huzileta zote kama zi hai. Ikiwa hesabu ya wanachama imezidi ile ya programu, anza kutafuta hapo.

Faili la Access 97 halifunguki kwenye Access 2013 wala matoleo yaliyofuata. Tumia Access 2010 au ya nyuma yake kuligeuza liwe la muundo wa 2002-2003, au kwenye Linux tumia mdbtools: mdb-tables -1 leja.mdb huorodhesha majedwali, na mdb-export leja.mdb Wanachama > wanachama.csv hutoa jedwali moja. Kama faili linalindwa kwa watumiaji na majina yao, tafuta faili la .mdw, bila hilo, nenosiri sahihi halitasaidia. Na kama .mdb inakaribia GB 2, msisubiri: huo ndio mwisho wake, na jedwali la .dbf lina mpaka huohuo.

Toa kila jedwali kuwa CSV, faili la maandishi ambalo safu zake hutenganishwa kwa mkato, kwa usimbaji wa UTF-8 unaobeba herufi za lugha zote. Usibofye faili hilo mara mbili ili lifunguke kwenye Excel kisha ukalihifadhi. Excel itakula sifuri ya mbele, namba ya simu 0772 ikawa 772 na mwanachama 00123 akawa 123. Namba ndefu za akaunti zitaandikwa kwa mtindo wa 1.23E+13, na zikizidi tarakimu 15 zinazobaki hugeuka sifuri moja kwa moja. Muundo wa .xls huishia safu mlalo 65,536 na .xlsx 1,048,576, na leja ya miamala ya miaka kumi inaweza kuzipita. Fungua kwa njia ya kuingiza data, ukichagua kila safu iwe maandishi.

Majina nayo yana mitego. Herufi ŋ ya Kiganda na lugha nyingine, kama iliingizwa, inaweza kutoka kama alama ya kuuliza; na majina yenye ng' hukatika pale ambapo alama ya ritifaa (') inachukuliwa kuwa mwisho wa neno. Tafuta alama hiyo kwenye safu ya majina kabla ya kupakia popote. Tarehe za miaka ya tarakimu mbili zikaguliwe kwa macho: mzee aliyezaliwa 1938 asije akawa wa 2038.

Sasa linganisha. Kwa kila jedwali andika idadi ya rekodi, jumla ya safu ya pesa, na tarehe ya muamala wa mwisho, upande wa zamani na upande wa CSV. Jumla zilingane hadi shilingi ya mwisho. Tofauti ya shilingi 500 haina udogo, kwa sababu inaweza kuwa makosa mawili makubwa yanayofutana. Baada ya hapo chukua akaunti 20: tano kubwa kuliko zote, tano zenye salio sifuri, tano zenye mikopo iliyochelewa, tano za kuokota tu. Zilinganishe na vitabu vya wanachama wenyewe, vile vya karatasi.

Hesabu zilizofichwa ndani ya programu

Data ikitoka salama, bado kanuni zimebaki ndani, na hakuna aliyeziandika. Riba ndiyo inayoleta ugomvi. Mkopo wa shilingi 1,000,000 kwa asilimia 2 kwa mwezi, miezi 10, ukihesabiwa kwa riba bapa, yaani juu ya mkopo wote wa awali kila mwezi, unalipa riba ya 200,000. Ukihesabiwa kwa salio linalopungua, ukirejesha 100,000 ya mtaji kila mwezi, riba ni 110,000. Karani ataapa kwamba ofisi inatumia salio linalopungua kwa kuwa ndivyo fomu inavyosema. Programu huenda inafanya kingine tangu mwanzo. Mwaka wa siku 360 au 365 nao una uzito: shilingi 5,000,000 kwa asilimia 18 kwa mwaka, siku 90, ni 225,000 kwa hesabu ya 360 na takriban 221,918 kwa ile ya 365.

Chagua mikopo kumi ya aina tofauti: uliolipwa mapema, uliochelewa, ulioongezwa muda, uliolipwa nusu kwa mobile money siku ya Jumapili. Ipigie hesabu kwa mkono mpaka upate namba ileile ya programu ya zamani. Ukiipata, kanuni umeijua. Iandike na kamati iipitishe ama iibadilishe kwa uamuzi. Kamati ikigundua kwamba wanachama wametozwa tofauti na masharti ya mkopo, hilo limalizwe kwa kikao na kumbukumbu za maandishi, lisifichwe ndani ya mfumo mpya.

Programu mpya iendeshwe sambamba na ya zamani kwa angalau kufunga miezi miwili. Wiki ya kwanza wote wana bidii. Wiki ya tatu makarani wamechoka kuandika mara mbili, na mojawapo inaachwa nyuma. Mpeni mtu mmoja, asiye karani wa dirishani, kazi ya kulinganisha jumla ya kila siku kabla ya saa kumi na moja jioni, na tofauti itafutwe kesho yake asubuhi kabla ya wateja kuingia. Ikiachwa wiki moja, hamtaipata. Wakati wa kuchagua hiyo programu mpya, swali la kwanza kwa muuzaji liwe jinsi mtakavyotoa data yenu yote bila yeye kuwepo, na aonyeshe kwa vitendo. Mifumo ya msimbo huria, kama Apache Fineract kwa mikopo na akiba, au UgandaEMR iliyojengwa juu ya OpenMRS kwa vituo vya afya, ina faida kwamba fundi mmoja akiondoka mwingine anaweza kuendelea, ingawa nayo haijiendeshi yenyewe. Inahitaji mtu wa kuihudumia na mshahara wake.

Siku ya kuzima

Kwa ofisi inayolipa kodi, marejesho ya PAYE na VAT huwasilishwa kufikia tarehe 15. Mwisho wa mwezi ni wa mishahara na kufunga vitabu. Kinachobaki ni kati ya tarehe 16 na 24, na ndani yake chagua Jumanne. Ijumaa ina maana kwamba tatizo litaonekana fundi akiwa safarini kwenda kijijini. Shule izime likizo ya kati ya muhula na muhula, baada ya ripoti kugawiwa. Juni iacheni.

Wiki mbili kabla, bandika tangazo dirishani na litume kwa SMS, kwa lugha za wateja wenu, likisema tarehe na nini kitabadilika kwao: sura ya risiti, namba ya akaunti kama itabadilika, na saa ambazo huduma haitakuwepo. Wape makarani namba moja ya simu ya kupiga.

Asubuhi yenyewe, chukua nakala ya mwisho, chapisha orodha ya masalio yote na iwekwe sahihi na meneja na mwekahazina. Badilisha jina la faili la kufungulia programu, kwa mfano leja.exe iwe leja.exe.imefungwa, na uondoe ushirika wa folda ya data. Usifute kitu. Mtu aliyefichika ambaye hukumwona kwenye orodha atapiga simu sasa, na wewe utamrudishia huduma kwa dakika mbili huku ukimtafutia njia nyingine. Wengine hujaribu kuifanya folda iwe ya kusoma tu ili watu waendelee kuangalia ya nyuma. Programu nyingi za FoxPro na Access hukataa kufunguka hivyo, kwa kuwa zinataka kuandika kwenye data au kuunda faili la kufuli zinapowaka. Kwa kuangalia ya nyuma, tumieni ile mashine pepe, ukiwapa ruhusa watu wawili tu.

Subirini kufunga mwezi mmoja kamili kabla ya kuihamisha mashine ya zamani mezani, na muitunze hadi mfunge mwaka mmoja wa fedha kwenye mfumo mpya.

Kumbukumbu na diski ya zamani

Sheria ya Uganda ya Utaratibu wa Kodi ya 2014 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano baada ya kipindi cha kodi kinachohusika. Tunzeni vitu vitatu: faili la VHD la mashine pepe, CSV zote pamoja na ile karatasi ya jumla za kulinganisha, na leja iliyogeuzwa PDF. PDF ndiyo mkaguzi atakayoisoma bila kumwita fundi. Weka nakala kwenye diski mbili za nje, moja ofisini na nyingine kwenye jengo tofauti, zote zikiwa zimefungwa kwa nenosiri. Endesha certutil -hashfile leja.vhd SHA256, inayotoa alama ya kulitambulisha faili, andika matokeo, na kila mwaka uyalinganishe; yakitofautiana diski imeanza kuoza na nakala ya pili inakiliwe upya mara moja. Kila mwaka pia washa nakala ya mashine pepe mara moja, si faili lenyewe kwa kuwa kuliwasha hulibadilisha, uchapishe taarifa ya mwanachama mmoja.

Kompyuta ya zamani isiuzwe wala kupewa mtu kabla diski yake haijafutwa kweli. Kufuta mafaili na kumwaga pipa la taka hakuondoi data. Itoe diski, iunge kwenye kompyuta nyingine kama diski ya pili, hakikisha herufi yake mara mbili, kisha format E: /p:1, ambayo huandika juu ya kila sehemu ya herufi hiyo, diski ya GB 500 inaweza kuchukua saa kadhaa. Kwa SSD njia hiyo haitoshi, tumia chombo cha kufuta cha mtengenezaji wake. Diski iliyokwisha haribika na isiyokubali kuandikwa itobolewe kwa drili mahali patatu kupitia sahani za ndani, mbele ya mtu wa pili, na tarehe iandikwe kwenye daftari la mali za ofisi.